Barabara ya Kilwa haiishii Mbagala

Juni ikikaribia, na Desemba vilevile, nyumba nyingi za Dar es Salaam zenye uwezo wa kudunduliza kidogo huingia kwenye mjadala uleule: safari hii twende wapi? Majibu ni yale yale. Zanzibar kwa waliojipanga. Bagamoyo kwa siku moja. Kigamboni kwa wale ambao likizo yao yote ni Jumapili. Wenye kwao Kaskazini hupanda basi kwenda kula Krismasi na wazee. Pwani ya kusini, kuanzia delta ya Rufiji hadi mdomo wa mto Ruvuma, haitajwi kabisa, na mtu akiitaja anarudishiwa swali: "Kusini kuna nini?"

Nitalijibu, lakini lipo jingine linaloanza kabla ya hilo, nalo ni dai kwamba kusini ni mbali. Mbali kuliko wapi? Kutoka Dar hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Hadi Mtwara mjini, karibu na mpaka wa Msumbiji, ni kama kilomita 560. Kilwa Masoko ni kilomita 300 na ushee, karibu nusu ya safari ya Arusha. Kila siku maelfu ya watu wanabanana kwenye Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala kuja mjini na kurudi, na njia hiyohiyo, ukiifuata kupita Kongowe, Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, inakupeleka kwenye mji uliotengeneza sarafu zake wenyewe wakati Dar es Salaam haijazaliwa. Umbali si hoja.

Hoja yenyewe imo kwenye kumbukumbu. Hadi mwanzoni mwa karne hii, Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikishika, mabasi na malori yalilala njiani. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, likaondoa pantoni. Lakini kipande cha kilomita 60 hivi kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa tope na vumbi kwa takriban muongo mmoja zaidi kabla ya lami kukamilika. Waliosafiri enzi hizo waliwasimulia watoto wao, na watoto wakakua wakiamini kwamba kwenda kusini ni kujitolea kuteseka. Kisha Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya vikaikata barabara hiyohiyo maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama. Kwa hiyo hofu haikutoka hewani. Ila somo ninaloliona mimi humo linahusu mwezi wa kusafiri: usiende kusini Aprili na Mei, na kama umelazimika, ulizia hali ya madaraja kabla ya kufunga mizigo. Miezi mingine ni barabara ya lami kama nyingine.

Kinachowaangusha hata wachache wanaojaribu ni kuipanga kusini kama wanavyoipanga Unguja. Unguja inasamehe. Ukikosa boti ya asubuhi, ipo ya mchana. Hoteli ikijaa, jirani yake ina nafasi. Bahari ikichafuka upande wa mashariki, unapanda gari kwenda Nungwi. Kisiwa kimejengewa uwezo wa kubeba makosa ya mgeni, na ndiyo maana mwaka 2023 pekee kilipokea wageni zaidi ya laki sita. Pwani ya kusini haina uwezo huo. Ukifika Kilwa Masoko siku mbaya, kwa saa mbaya ya maji, na una usiku mmoja tu, utaiona Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu, ukiwa gatini, utakula samaki, utarudi Dar kusema hakuna kitu. Na watu watakuamini, kwa kuwa umefika.

Ndiyo maana nashikilia kwamba likizo ya kusini ianze kupangwa kwa kalenda, na hoteli ifuate baadaye. Nasema kalenda ya wavuvi na manahodha: upepo, mvua, mwezi.

Tuanze na mvua, kwa sababu hapa mtu wa Dar anakosea kwa kufikiri kusini inafuata majira ya kwetu. Sisi tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja mrefu, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au Mei mwanzoni. Maana yake ni kwamba Oktoba, wakati Dar tunaanza kutazama mawingu ya vuli, kusini bado ni kukavu. Na maana yake nyingine, isiyopendeza, ni kwamba likizo ya shule ya Desemba, ambayo familia nyingi huisubiri mwaka mzima, inaangukia pale mvua za kusini zinapoingia. Si kwamba mvua inanyesha kila siku mwezi huo. Lakini njia za vumbi za kwenda vijijini huharibika, na magofu yaliyozungukwa na majani marefu na mbu si mahali pa kumpeleka mtoto wa miaka sita akafurahi.

Upepo nao una lake. Kusi huvuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, na nguvu yake huwa kubwa katikati, Juni na Julai. Hali ya hewa ni ya ubaridi mtamu, anga ni safi, ila bahari ya nje ina mawimbi, na maji huwa na ukungu ukilinganisha na miezi ya joto. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi, na joto lake. Katikati ya pepo hizi mbili kuna kipindi ambacho watu wa pwani hukiita tanga mbili: kusi imelala, kaskazi haijaingia, bahari imetulia. Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba, kwa maoni yangu, ndiyo kilele cha mwaka kwa pwani ya kusini. Mvua haijafika, bahari haina hasira, korosho zinaokotwa mashambani na barabarani watu wanauza mabibo yenye rangi ya jua. Asiyefungwa na ratiba ya shule, yaani wapenzi wasio na watoto, wastaafu, kikundi cha marafiki wa kazini, asiutafute mwezi mwingine.

Wenye watoto wa shule wamebaki na Juni na Desemba, na hapa lazima uchaguzi ufanyike kwa macho makavu. Juni ni mwezi wa nchi kavu na maji ya ndani ya ghuba: magofu, miji ya zamani, matembezi, kuvuka mikondo mifupi asubuhi kabla upepo haujaamka. Kuogelea kwenye miamba ya nje si kazi ya Juni. Anayemwahidi mtoto pomboo na matumbawe kwenye bahari ya wazi katikati ya kusi anajitafutia kilio ndani ya boti.

Jambo la tatu ni mwezi wa angani, na ni hili ambalo wapangaji wa mjini hulisahau kabisa, ingawa tunaishi ufukweni. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, yaani katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, ila kujaa kwenyewe ni kwa wastani. Kila siku inayopita saa husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Huhitaji jedwali la wanamaji. Ukijua leo ni tarehe ngapi katika mwezi wa Kiislamu, unajua bahari itakuwaje wiki ijayo, na bibi yeyote wa Kilwa Kivinje atakuhesabia kwa vidole.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kiasi hicho kusini? Chukua Songo Mnara, mji wa mawe ulio kwenye kisiwa kusini ya Kilwa Kisiwani. Boti huingia kwa njia ya mikoko. Maji yakiwa yamejaa, unashuka karibu na nchi kavu. Yakiwa yamekupwa, unashuka mbali na kutembea kwenye tope na maji ya magoti, viatu mkononi, na mzee mwenye fimbo hawezi safari hiyo. Ukifika siku ya bamvua, saa nne asubuhi, kwa sababu hotelini wameandika "ziara ya asubuhi", utaikuta bahari imeondoka. Nahodha anajua hayo yote. Kinachotokea ni kwamba mgeni ameshafika, amebakiza siku moja, anashikilia twende, na nahodha anahitaji riziki. Basi mpigie wiki mbili kabla, umuulize: tarehe gani maji yanaruhusu Songo Mnara? Halafu panga ruhusa yako ya kazini kwa jibu lake. Bosi anaweza kuhamisha siku. Mwezi hauhamishiki.

Sasa Kilwa yenyewe, maana hapa ndipo ningependa kila familia ya Dar ianzie.

Kuna Kilwa tatu na kila moja inadai siku yake. Masoko ni makao makuu ya wilaya, ndiko zilipo gesti, benki, stendi, soko la samaki na gati. Ni mji wa kulala. Kisiwani iko mbele yake, mvuko mfupi wa boti, na huvuki kabla ya kulipa na kupewa kibali huko Masoko. Raia hulipa kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha taifa. Kivinje iko kaskazini ya Masoko, ukiiacha barabara ya kwenda Nangurukuru, na wasafiri wengi huipita bila kugeuza shingo.

Kisiwani ilikuwa kituo cha dhahabu. Dhahabu ya bara, iliyotoka upande wa Zimbabwe ya leo na kuteremshwa Sofala, pwani ya Msumbiji, ilipita mikononi mwa masultani wa Kilwa kabla ya kuvuka bahari. Msafiri maarufu Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu mji. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na upanuzi wake wa karne ya 14, bado una kuba na matao yanayomfanya mtu ashushe sauti bila kuambiwa. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, limekaa juu ya mwamba likitazama bahari, na lilikuwa na zaidi ya vyumba 100 na birika la pembe nane. Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Mtoto wa darasa la sita akiambiwa hivyo mahali penyewe, amesimama juu ya sakafu ya msikiti ule, anabaki na swali lisilotoka kichwani: sarafu ilifikaje kule? Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji. Gereza, ile ngome ya ufukweni inayoonekana kwanza ukikaribia, ina msingi wa mkono wao na kuta zilizosimamishwa upya baadaye enzi za Waomani.

Kivinje ni hadithi nyingine, nzito zaidi. Karne ya 19 ndiko misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilikoishia, na bidhaa zake kubwa zilikuwa pembe za ndovu na binadamu. Wajerumani walipokuja waliweka boma lao hapo. Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye milima ya Matumbi nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Maji Maji vikawaka hadi 1907. Wapiganaji walinyongwa Kivinje. Leo ni mji mtulivu wa majumba ya mawe yanayobomoka, milango ya nakshi, mafundi wa mashua na mikoko. Hakuna mabango mengi. Ukienda peke yako utaona nyumba mbovu. Ukienda na mwenyeji anayejua nani aliishi wapi, utatoka huko umenyamaza.

Nalisisitiza hili kwa sababu linaniuma. Shuleni watoto wetu wanafundishwa Kilwa na Maji Maji, wanakariri miaka, wanafanya mtihani, wanafaulu. Idadi kubwa ya walimu wanaofundisha mada hizo jijini hawajawahi kukanyaga Kivinje, na safari yenyewe ni ya nusu siku. Shule inayokodi basi kwenda Mikumi kuwaonyesha watoto twiga, jambo zuri kabisa, inaweza kukodi basi hilohilo kwenda Kilwa Juni. Mzazi naye aende bila kuisubiri shule.

Siku ngapi? Pungufu ya usiku tatu Kilwa ni kupoteza nauli. Siku ya kwanza inaliwa na barabara. Ya pili Kisiwani, tena uanze mapema, maana Husuni Kubwa haiko karibu na Msikiti Mkuu na jua la saa saba halina huruma. Ya tatu Songo Mnara kama maji yanaruhusu, na kama hayaruhusu, Kivinje. Ya nne kurudi. Anayeweza kuongeza moja, aiweke bila ratiba, kwa ajili ya ufuo wa Masoko na pweza wa jioni.

Kutoka hapo wengi hutaka kuendelea: Kilwa, halafu Lindi, halafu Mikindani, halafu wapande boti kwenda Mafia, wiki moja. Ramani inawadanganya. Mafia haifikiki kirahisi kutoka Kilwa. Njia yake ya kawaida ni Nyamisati, wilayani Kibiti, ambako unaiacha barabara kuu Bungu, kisha boti au kivuko kwa saa kadhaa hadi Kilindoni. Au ndege ndogo kutoka Dar kwa nusu saa hivi. Kwa hiyo Mafia ni safari yake, Kilwa ni safari yake, na Mtwara pamoja na Mikindani ni safari ya tatu. Chagua moja. Mwakani utachagua nyingine.

Mafia inastahili aya yake kwa sababu ndiyo inayookoa likizo ya Desemba. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, papa potwe hukusanyika karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kuvuka mita kumi, na chakula chake ni vijidudu na visamaki vya majini anavyovichuja kwa mdomo. Kuogelea pembeni yake ni jambo ambalo watu huvuka mabara kulifuata, na sisi tuko nusu saa ya ndege. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na matumbawe ya ghuba ya Chole yamekingwa na kusi kiasi kwamba hata miezi ya upepo kuna mahali pa kuzamia. Atakayekwenda Juni hatakutana na potwe, lakini huenda akakuta vifaranga wa kasa wakitoka mchangani kwenye fukwe za kisiwa jirani cha Juani, ambako pia kuna magofu ya Kua. Ombi langu kwa yeyote anayekodi boti ya potwe: ukiona boti nyingi zimemzunguka mnyama mmoja, mwambie nahodha asubiri. Usimguse, usimkate njia. Nahodha atakusikiliza kwa sababu wewe ndiye unayelipa, na huo ni ulinzi ambao hakuna askari anayeweza kuutoa kila saa.

Lindi nitapita haraka. Ghuba ni nzuri, mji una majumba ya zamani, na barabara inakulazimisha kupita. Jihadhari na wiki ya Nane Nane, maana maonyesho ya kanda ya kusini hufanyika viwanja vya Ngongo na vyumba huwa tabu. Wapo wanaotamani Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale kati ya 1909 na 1913. Niwaambie ukweli kabla hawajakodi gari: mifupa iko Berlin. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho huko, urefu wake zaidi ya mita 13, na huku kwetu mgeni anakuta vilima na pori. Ni jambo la kudai kitaifa, tena kwa sauti kubwa, ila si ziara ya familia.

Mikindani, kama kilomita kumi kabla ya Mtwara mjini, ni mahali pa mtu anayependa kutembea polepole. Vichochoro, milango, vibaraza vya ghorofani, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lililokarabatiwa, na kumbukumbu ya David Livingstone aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kutoka Mtwara unafika Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, kwenye ufuo mrefu usio na kelele. Agosti hadi Oktoba nyangumi hupita pwani hiyo. Na ule ming'oko: mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa mitaani, chakula ambacho mtu wa Dar anaweza kuzeeka bila kukijua. Ndege zipo kutoka Dar, na kwa wenye siku chache, tofauti ya nauli inafidiwa na siku mbili za barabara unazookoa.

Nimewahi kuambiwa, na watu ninaowaheshimu, kwamba tuiache kusini jinsi ilivyo. Tukiisifu itajaa, fukwe zitazungushiwa kuta, wavuvi watasukumwa, itakuwa Nungwi ya pili. Ninaielewa hofu hiyo na sehemu yake ni ya kweli kuhusu potwe na matumbawe. Lakini magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutolewa huko hadi 2014. Hakuna kundi la watalii lililoyabomoa. Kilichoyaangusha ni mawimbi, mvua, mizizi, na ukosefu wa watu wa kutosha wanaojali. Jengo ambalo wananchi wake hawalitembelei hukosa mtetezi siku bajeti inapogawanywa. Historia yote ya karibuni ya kusini ni ya mipango iliyochorwa na watu wasioishi hapo. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951 uliacha bandari ya Mtwara na reli iliyokuja kung'olewa. Hata gesi ya Songosongo inawasha taa za Dar tangu 2004 na wengi wetu hatuwezi kukionyesha kisiwa hicho kwenye ramani. Nisingependa utalii nao uje hivyo, kwa kampuni kubwa moja yenye uzio, wakati sisi tungeweza kuujenga taratibu kwa familia moja moja inayolala gesti ya mwenyeji.

Kwa hiyo fedha nayo ipangwe. Usilipe kila kitu kwa wakala wa Dar aliyekupa bei ya jumla bila kuonyesha nahodha anapata nini. Tafuta namba ya mwongoza wageni wa Masoko au Mikindani mwenyewe, ongea naye kwa simu, tuma malipo ya awali kwa simu, kubalianeni bei ya boti kwa siku nzima, mafuta yakiwa ndani au nje, kabla hujatoka nyumbani. Uliza jaketi za kujiokolea ni ngapi na zipo saizi za watoto, na kama hazipo, usipande. Beba taslimu kwa visiwani. Kisiwani ni kijiji, watu wanaishi hapo, wanasali, wanaanika samaki. Mgeni mvaaji nusu uchi anayepita katikati ya nyumba za watu akipiga picha bila kusema hodi wala shikamoo anawafungia njia wanaokuja nyuma yake. Kina mama watembee na kanga, kina baba na kikoi, mambo yaishe. Mwezi wa Ramadhani safari inawezekana, ila chakula cha mchana kitakuwa shida na mabaharia wamefunga. Futari, kwa upande mwingine, utakaribishwa.

Wenye dhamana nao wana la kufanya, na halihitaji mabilioni. Gatini Masoko kuwe na ubao mmoja mkubwa: kibali ni shilingi ngapi kwa raia, mvuko wa Kisiwani shilingi ngapi, Songo Mnara shilingi ngapi, na saa za maji za wiki hii. Ubao huohuo uwekwe Nyamisati pamoja na ratiba ya kivuko, na ratiba hiyo itangazwe mahali ambapo mtu aliye Tabata au Mbezi anaweza kuisoma kabla hajapanda basi. Mtu akijua gharama na saa, anapanga. Asipojua, anakwenda Unguja.

Na kwa familia ambayo Desemba ndiyo nafasi pekee: nendeni Mafia, wiki ya kwanza baada ya shule kufungwa, kabla ya wimbi la sikukuu na kabla mvua hazijazoea. Laleni Kilindoni siku mbili kwa ajili ya potwe, kisha upande wa Utende na Chole siku mbili, mkawaone popo wakubwa wanaolala mitini mchana na mafundi wanaounda mashua. Kilwa iwekeeni Juni ijayo, na nahodha mpigieni Mei.